Kishikio cha Kumi na Mbili

Kwa miaka tisa nilimjua baba mkwe wangu kwa mikono. Uso wake niliuona kwa mbali na kwa pembeni, lakini mikono yake ningeitambua hata soko la Machakos likiwa limefurika. Gumba la kushoto halina ukucha. Kiganja cha kulia kina kovu la shaba iliyomrukia kabla mimi sijazaliwa. Mikono hiyo ilitokea kidirishani, ikaweka kitu, ikarudi ilikotoka.

Sababu ni nthoni, ile heshima ya Wakamba inayomzuia mke wa mtoto kukaa chumba kimoja na baba mkwe, kumtazama usoni, au kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Siku hizi wengi wameiacha, wanakaa kochi moja wakitazama taarifa ya habari. Si Mzee Mutinda. Hakosi misa hata Jumapili moja, na bado akinikuta njiani alikuwa anageukia ua ghafla, utadhani ameitwa na kuku.

Karakana yetu iko juu kidogo ya mji, upande wa vilima vya Iveti. Ni jengo moja refu la mawe lililokatwa katikati kwa ukuta, na ukutani kuna kidirisha ukubwa wa trei ya mayai. Upande wake kuna tanuri. Anayeyusha shaba, anaimimina kwenye kalibu za mchanga, anatoa vishikio vya milango na droo, bawaba, na vile vibamba vya kuzunguka tundu la ufunguo. Halafu anachora juu yake maua na majani kwa sindano ya chuma, anaviweka kidirishani. Upande wangu kuna meza, bakuli la lami la kushikilia kazi isicheze, nyundo ndogo na tindo thelathini na moja. Mchongaji ni mimi. Nikimaliza nilikuwa narudisha kidirishani, naye anageuza kila kimoja na kukipiga muhuri nyuma: MUTINDA. Mafundi wanaotengeneza fanicha za mtindo wa kale, makabati ya miguu iliyopinda na meza za droo nyingi, wanavigombania.

Chakula chake nacho kilipita hapohapo. Muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chai, dawa ya macho, vyote kidirishani. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Binti yangu Kalunde, aliyerithi jina lake, yuko shule ya bweni. Mume wangu Levi yuko kiwandani Kinanie na huja nyumbani Jumamosi mojamoja. Siku nyingi boma zima lilikuwa mimi, mzee na kidirisha.

Sasa nikueleze habari ya jani, maana hasira yangu ilianzia hapo. Nilikuwa nimeolewa miezi sita tu, nikijifunza kwa kuharibu vipande vya shaba chakavu, alipoweka kidirishani kishikio cha mlango chenye mchoro wa jani la kizungu, refu, lenye kujikunjakunja. Sijawahi kuona jani hilo likiota popote. Nikadhani mzee amejaribu kuchora mbaazi akashindwa, basi nikamsaidia. Nikachonga mbaazi ya kweli, majani matatu na ganda lake, kama ile iliyokuwa nyuma ya jiko letu. Nikakirudisha nikingoja maneno. Mikono ilitoka, ikakipapasa mbele na nyuma kwa muda mrefu, ikaondoka nacho. Jioni nikakiona kimefungwa kwenye mlango wa stoo, upande wa ndani. Wiki iliyofuata michoro yote iliyokuja ilikuwa mbaazi.

Leo wauzaji wanaliita jani la Mutinda. Nililiona jina hilo kwenye simu ya Levi, chini ya picha ya kabati la hoteli moja kubwa, pamoja na sifa za mzee wa Machakos aliyebuni jani lake mwenyewe. Nilirudi mezani nikavunja tindo mbili kwa siku moja.

Aliyeng'amua ukweli ni Wangechi, mama wa fanicha aliyefungua karakana kubwa Kinanie. Novemba mzee alilazwa wiki mbili kwa ajili ya macho, na oda ya Wangechi, niliyoichonga kwenye vishikio alivyoacha amevimimina na kuvichora, ikafika kwa wakati, safi vilevile. Akaja mwenyewe, akaniangalia vidole, akasema, "Ni wewe." Akanipa neno: meza yangu Kinanie, muhuri wangu, jina langu, karibu na mume wangu. Baada ya kunisubiri tangu mwaka mpya alichoka. Akaniandikia kwamba anataka jibu Alhamisi kabla ya saa kumi, la sivyo atamchukua fundi mwingine wa Nairobi.

Levi alifurahi mpaka nilipomwomba amwambie baba yake.

"Aiii, mwambie wewe," akasema. "Mimi nikimwambia ataona ni kama nimekuiba."

Mtoto wa kuzaliwa anaogopa, halafu wa kuolewa ndiye atumwe! Na ningesemaje? Maneno kama hayo hayapiti kwenye tundu la trei ya mayai. Kulikuwa na jambo jingine pia, baya zaidi. Tangu Januari mistari ya mzee ilikuwa inakuja imepinda. Shina linaanza vizuri halafu linatoka nje ya shaba. Macho yalikuwa yanakwenda. Nilikuwa nainyoosha kimyakimya, namrudishia kazi iliyonyooka, naye anapiga muhuri. Nikiondoka, kishikio cha kwanza kilichopinda kitatoka na jina lake. Nikibaki, nitazeeka mle ndani nikitazama mikono ya mtu. Nilikuwa nimefungwa pande zote mbili, na usiniambie eti ningechagua tu.

Alhamisi ikafika. Oda ilikuwa ya Wangechi huyohuyo, vishikio kumi na viwili vya milango ya makabati, na pikapu yake ilikuwa inakuja saa nne. Saa tatu kile cha kumi na mbili kikapasuka chini ya tindo yangu. Hakukuwa na muda wa kuyeyusha kingine. Nikakumbuka mlango wa stoo. Kalibu ileile, jani lilelile. Nikaenda na bisibisi, nikakitoa kile kishikio cha ndani pamoja na chuma chake cha pembe nne kinachoingia kitasani, nikakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikang'aa, nikakichanganya kidirishani na vingine alivyokwisha kuvipiga muhuri. Nikamsikia mzee akivifunga gazeti kimoja kimoja, kama kawaida yake, akapigilia misumari kwenye kasha. Dereva akaja, akaenda.

Huo mlango wa stoo ni mlango wa mbao nzito alioununua kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. Ukiuachia unajifunga wenyewe. Nje unafungua kwa ufunguo, ndani kwa kishikio. Kwa kuwa kishikio nilikuwa nimekitoa, niliuzuia kwa bonge la shaba chakavu.

Na tulikuwa na sheria yetu, mimi na yeye, ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: anayeingia stoo anatundika aproni yake kwenye msumari wa nje, ili mwingine asiingie. Siku hiyo aproni yangu ilikuwa ndani ya beseni, imelowa sabuni. Saa saba nikaingia kuchota mkaa wa kupashia lami bila kutundika chochote. Simu niliiacha mezani.

Nikiwa nimeinama kwenye gunia nikasikia hatua, halafu sauti ya kiatu kikigonga chuma.

"Kumbe hii iko hapa," mzee akajisemea. Akaokota lile bonge, maana jicho la mwenye tanuri likiona shaba chini halioni kitu kingine, akaingia nalo. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Nani huko?"

"Ni mimi, Baba."

Aligeukia ukuta upesi hivi kwamba bega lilipiga rafu na makopo yakaanguka. Mimi nikageukia mlango. Stoo yenyewe ni hatua nne kwa tano, mabati juu, kidirisha kimoja cha nondo kinachotazama shamba. Na mimi nilikuwa mle ndani na mtu ambaye sijawahi hata kulala chumba kilichopakana na chake.

"Nimetoa kishikio, Baba," nikauambia mlango. "Ya kumi na mbili ilipasuka, nikachukua hiyo."

"Mm," akasema.

Hilo tu. Nilimsikia akivuta kasha na kukalia, uso kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Nikapiga kelele. "Urbanus! Urbanus, kuja utufungulie!" Urbanus ni jirani yetu, ana kinu cha kusaga unga, na siku hiyo kinu kilikuwa kinanguruma kama kinasaga mawe. Nilipiga mlango kwa ngumi, kwa kopo, kwa kisigino. Nikatafuta kitu cha kuingia katika lile tundu la pembe nne la kitasa. Stoo ilijaa shaba chakavu, vijiti, vipande vya mabomba, bawaba kuukuu, lakini zana zote ziko karakana. Nikapata kipande kimoja kilichoingia. Nikakizungusha kikajikunja. Nikapata kingine, kikajikunja.

"Hiyo ni laini," mzee akauambia ukuta wake.

"Najua ni laini!"

Nilimpigia baba mkwe wangu kelele. Miaka tisa sijawahi hata kukohoa kwa nguvu mbele yake, na leo nimemfokea kama mtoto. Nikakaa chini nikiegemea mlango kwa bega, mgongo kwake, mikono yangu ikinuka shaba.

Joto la mabati lilizidi. Tulikaa. Nilisikia pumzi yake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, pumzi fupi zenye mluzi kidogo mwishoni. Mbuzi wa mtu alilia shambani akanyamaza. Kinu kilizimika kidogo, nikapiga kelele tena, kikawaka. Baadaye nikasikia watoto wa shule wadogo wakipita barabarani wakicheka, na hao hutoka saa tisa. Nilikuwa nimebakiwa na saa moja. Wangechi angepiga simu, simu ingelia peke yake mezani, na yule wa Nairobi angepewa meza yangu. Na mimi kesho ningepika chai, niiweke kidirishani, mikono ije iichukue, na kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka mmoja wetu afe. Niliiona miaka hiyo yote kwa mpigo, nikaogopa kuliko nilivyokuwa nikimwogopa mzee.

"Baba," nikasema.

"Naam."

"Wangechi ameniita Kinanie. Niko na kazi huko. Nifanye na jina yangu." Nikaukazia mlango macho. "Ile jani si yako. Ni mbaazi yangu. Nimechonga hiyo kitu miaka tisa na kila mahali wanasema Mutinda, Mutinda, hata mtoto wangu shuleni anaambiwa babu yako ni fundi hodari. Hakuna mtu anasema mama yako. Nimechoka kuishi kwa dirisha. Mume wangu ninamwona kama mgeni. Ameniambia nijibu leo kabla ya saa kumi na siwezi kujibu, juu hata sijui vile nitakuambia, na sasa tumefungiwa, na ni makosa yangu." Hapo nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi.

Nikapangusa pua kwa kiganja.

"Unaenda lini?" mzee akauliza.

"Sijasema naenda. Na saa kumi inapita."

Nikasikia mchakacho wa karatasi. Kisha kitu kikaburuzwa sakafuni polepole, kikasukumwa kwa kiatu.

"Mama Kalunde, angalia hapo chini."

Karibu na kisigino changu kulikuwa na kifurushi cha gazeti. Nikakifungua. Kilikuwa kishikio cha stoo, kile nilichokisugua asubuhi, na chuma chake cha pembe nne.

Nilikitazama kama mjinga. "Si hii ilienda kwa pikapu?"

"Ilienda kumi na moja." Alisema taratibu, kama anayehesabu kwa vidole. "Mimi nikifunga huwa napapasa nyuma. Kumi na moja ziko na jina yangu. Hii nikapata nyuma ni laini. Nikajua ni ile. Nikatia mfuko."

Nikakigeuza. Kweli nyuma hakukuwa na muhuri. Kwa miaka tisa nimekishika kila siku kutoka stoo na sikuwahi kujua, kwa kuwa nyuma ilikuwa imekaa kwenye mbao, na asubuhi kwa haraka yangu nilitazama mbele tu.

"Mbona hukupiga muhuri hiyo siku?"

"Mimi nilichora kitu ingine. Hiyo ulifanya wewe." Akakohoa. "Zile zingine nilipiga. Hiyo ni makosa yangu, na nimekula nayo. Lakini hiyo ya kwanza siwezi uza kitu ya mtu."

Basi hasira ikanirudia yote. "Umekuwa nayo mfukoni tangu saa saba? Nimepiga mlango, nimelia, na wewe umekalia kishikio?"

"Eeh."

"Kwa nini, Baba?"

"Hiyo bonge ya mlango nilikosea, ni macho. Hii sikukosea." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wangechi alinipigia simu, wiki mbili sasa. Alisema hataki kuchukua mtu bila mimi kujua. Nikakaa hapo kwa dirisha nikingoja uniambie. Unaleta chakula, unaenda. Unaleta chai, unaenda. Leo nikaona umefungiwa na mimi. Nikasema leo hana pahali ya kwenda, atasema."

Nilitaka kumrushia kile kishikio kichwani, Mungu anisamehe. Nilitaka pia kugeuka nimtazame, na hilo ndilo lililonishangaza.

"Na mistari?" nikauliza. "Nikienda, nani atakunyooshea mistari?"

Nilijuta kabla sijamaliza. Lakini yeye alicheka, kicheko kidogo kikavu.

"Unafikiri sijui? Tangu Januari nasikia nyundo yako ikienda mahali sijachora. Kuona ndio imepotea, masikio iko."

"Ulinyamaza tu."

"Na wewe ulinyamaza." Nikamsikia akiinuka kwenye kasha, bado ameukabili ukuta. "Fungua. Enda ujibu huyo mama. Mimi nitatoka nyuma yako."

Chuma kiliingia kitasani bila shida. Nilizungusha, nikatoka juani, nikakimbilia mezani. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Wangechi alikuwa amepiga mara saba. Nikampigia.

"Wavinya! Nimehesabu vishikio mara tatu," akaanza kabla sijasalimu. "Ziko kumi na moja. Moja iko wapi? Na ile maneno ingine nilikupa mpaka saa kumi, saa kumi imepita, huyu mtu wa Nairobi yuko kwa laini."

Kupitia mlango wa karakana nilimwona mzee akitoka stoo kwa kupapasa ukuta. Alikuwa na lile bonge mkononi. Aliinama akalirudisha mlangoni, akahakikisha kwa mguu kwamba limekaa, ndipo akaenda zake kwenye tanuri. Sikuwa nimetambua jinsi mgongo wake ulivyopinda.

"Ya kumi na mbili nitakuja nayo mwenyewe," nikamwambia Wangechi.

"Lini?"

"Jumatatu. Lakini hiyo si ya kuuza. Nitakuchongea ingine huko huko, kwa hiyo meza."

"Kuja," akasema, akakata.

Jioni niliweka muthokoi kidirishani. Mikono ikaja, ikachukua sahani. Nilidhani tumemaliza, nikajisikia mwepesi na mwizi kwa wakati mmoja.

Asubuhi nilipofungua upande wangu nikakuta kishikio kipya kidirishani, kimetoka kwenye kalibu usiku uleule, mchanga bado uko pembeni. Kilikuwa cha mlango wa stoo, cha kuziba pengo la kile ninachoondoka nacho, asije akafungiwa mle ndani peke yake. Nilikigeuza huku na huku kwenye mwanga nikitafuta mistari yake ili nijue pa kunyoosha. Hakukuwa na mstari hata mmoja. Tangu niolewe hajawahi kuniwekea shaba tupu.

Tanuri ilikuwa imezimwa. Upande wa pili palikuwa kimya kabisa. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Nikapasha lami, nikakikandamiza ndani yake, nikachagua tindo nyembamba ya mashina. Nilipogonga mara ya kwanza, nilimsikia akivuta kiti karibu na ukuta.